Majani ya miti ya matunda na ugonjwa wa sukari

Mara nyingi watu hutuuliza neno hili: Je, ni kweli kwamba majani ya mwembe huponya ugonjwa wa sukari? Makatekista hutuuliza, na mama wa jumuiya, hata mapadri wenzetu, hasa wale waliovuka miaka hamsini, ambao wameanza kuamka usiku mara tatu, mara nne. Si desturi yetu kuandika habari za uganga katika kurasa hizi. Lakini tumeona yafaa tujibu, maana siku moja tulikwisha kulijibu swali hilo vibaya, na mtu akaumia.

Habari yenyewe ndiyo hii. Tulikuwa katika safari ya vijiji, njia ya kusini iendayo Moba. Jioni, baada ya kula bukari na ndakala, mazungumzo yakafika kwenye magonjwa. Siku zile tulikuwa tumesoma mahali kwamba wataalamu wameona katika majani ya mwembe kitu kinachoshusha sukari ya damu. Tukasema hivyo kwa furaha, kama mtu aletaye habari njema: «Tazameni, dawa iko mbele ya nyumba zenu, tena bila feza.» Katekista mmoja, mzee wa miaka zaidi ya sitini, alikuwa akisikiliza kimya. Alikuwa na ugonjwa huo tangu miaka mingi, akimeza vidonge vya glibenklamidi alivyovinunua mjini kwa taabu. Kesho yake akaanza kuchemsha majani. Mwezi uliofuata akaacha vidonge, maana Padri amesema. Baada ya miezi mitano wakamleta Kalemie juu ya pikipiki: mguu wa kushoto umeoza, na sukari imepita miligramu 500 kwa desilita, hali mtu mzima asiyekula tangu jana hapaswi kufika 126. Wakamkata vidole vitatu. Hakutulaumu hata kidogo, na ndiyo maana neno hili latuuma mpaka leo.

Basi tangu siku ile tukaanza kusoma vizuri, na kuwauliza wanaojua. Tuliyoyapata twayaandika hapa.

Kwanza yafaa tujue ugonjwa wenyewe ni nini. Bukari tunayokula, iwe ya muhogo au ya mahindi, si kitu kingine ila sukari nyingi iliyoshikamana kama shanga katika uzi. Ndani ya matumbo viko vitu vinavyokata uzi huo, na shanga mojamoja huingia katika damu. Ndiyo sukari inayopimwa kwa tone la damu la kidole. Hapo kongosho, kiungo kidogo kilicho nyuma ya tumbo, hutoa insulini. Na insulini hufanya nyama za mwili zipokee sukari ile na kuitumia kwa nguvu. Insulini ikikosekana, au mwili ukikataa kuisikia, sukari hubaki katika damu, nayo hutoka katika mkojo pamoja na maji mengi. Ndiyo sababu mgonjwa hukojoa sana, huona kiu, hula na huku akikonda.

Jambo hili halikujulikana zamani. Mwaka 1889, huko Strasbourg, waganga wawili, Oskar Minkowski na Josef von Mering, walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akapata ugonjwa wa sukari. Hivyo watu wakajua mahali unapoanzia. Mwaka 1921, Toronto katika Kanada, Banting na Best wakapata insulini katika kongosho za mbwa. Na mwezi wa kwanza wa 1922 kijana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, alichomwa sindano ya kwanza. Kabla ya siku hiyo mtoto aliyeshikwa na ugonjwa huu alikufa tu, kwa kukonda.

Magonjwa ya sukari si mamoja. Kuna ule wa kwanza, unaoshika hasa watoto na vijana: kongosho haitoi tena insulini. Huyu bila sindano hawezi kuishi. Kuna ule wa pili, ulio wa watu wengi kupita yote, nao hutokea zaidi kwa watu wazima: insulini ipo, lakini mwili hauisikii vema, na polepole kongosho huchoka. Na mwezi wa nne mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Ugonjwa wa Sukari lilikubali kuuita wa tano ule unaowapata watu waliokula vibaya kwa muda mrefu tangu utoto. Sisi wa Tanganyika, tulioona kambi za wakimbizi kandokando ya Kalemie, yatupasa kulikumbuka neno hilo la mwisho. Ugonjwa wa sukari si wa matajiri wanene peke yao.

Shirikisho hilohilo lilihesabu mwaka 2021 watu wazima milioni 24 wenye ugonjwa huu katika Afrika, nalo likasema kwamba zaidi ya nusu yao hawajui kwamba wanao.

Sasa tuje kwenye majani.

Mwembe ulitoka upande wa Bara Hindi, nao ulifika pande zetu kwa njia za wafanya biashara waliovuka ziwa kutoka Ujiji. Mpera, mpapai na mwavoka asili yao ni Amerika. Kwa hiyo, mtu akisema kuwa chai ya majani ya mwavoka ni dawa ya wazee wetu tangu mwanzo, aulizwe ni wazee gani, maana mti wenyewe ni mgeni. Twasema hivyo si kwa kudharau dawa za kienyeji. Ng'ambo ya ziwa, kule Karema, aliishi Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawa mganga na katekista pamoja mpaka alipofariki mwaka 1956. Katekista kushughulika na dawa si jambo geni katika Kanisa la Tanganyika.

Mti hauwezi kukimbia. Jua likiuchoma, wadudu wakiula, wabaki pale pale. Basi hujilinda kwa vitu inavyotengeneza katika majani na gome lake, vingi vyao vichungu au vyenye kukausha ulimi. Tafuna jani la mpera, utaona namna kinywa kinavyokunjamana. Wenye elimu ya kemia huviita vitu hivyo polifenoli, na ndugu zao wengine flavonoidi. Katika mwembe kipo kimoja kwa wingi, kiitwacho mangiferini, kwa jina la mti wenyewe. Katika mpera kipo kwersetini na wenziwe.

Vitu hivi vinafanya nini? Labda mmesikia neno «antioksidanti». Laandikwa siku hizi juu ya makopo na chupa nyingi za dukani, na wauzaji wa dawa sokoni walipenda mno. Maana yake ndiyo hii. Hewa tunayoivuta ina oksijeni. Bila oksijeni twafa, lakini oksijeni hiyohiyo huharibu. Ndiyo inayokula mabati yetu yakawa na kutu, na ndiyo inayoyapa mawese yaliyokaa muda mrefu ile harufu mbaya. Ndani ya mwili, kazi ya kuchoma chakula huacha vipande vidogo vikali vilivyopungukiwa, navyo hunyang'anya popote vinapogusa: katika mafuta ya mwili, katika kuta za mishipa, hata katika mbegu ya uhai wa chembe. Antioksidanti ni kitu kinachokubali kunyang'anywa chenyewe, na hivyo vipande vile hutulia. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa sukari vipande hivyo ni vingi kupita kawaida, maana sukari iliyozidi katika damu huvizalisha. Ni moja ya sababu ambazo macho yake, figo zake na mishipa ya miguu yake huharibika mapema.

Namna ya kupima jambo hili katika laboratwari ni nyepesi kuelewa, na hata mwalimu wa shule aweza kuieleza ubaoni. Iko dawa ya rangi ya zambarau, nayo imepungukiwa, yatafuta cha kunyang'anya. Humiminwa katika chupa ndogo, kisha huongezwa mchuzi wa majani. Mchuzi ukiwa na antioksidanti, rangi ya zambarau hufifia ikawa ya njano. Kadiri inavyofifia upesi, na kwa mchuzi kidogo, ndivyo majani yanavyosifiwa. Majani ya mwembe na ya mpera hufanya vizuri sana katika jaribio hili, mara nyingi karibu sawa na vitamini C.

Lakini tazameni: hilo ni jaribio la chupa. Chupa haina tumbo wala ini. Vingi vya vitu hivi, mtu akivinywa, haviingii katika damu ila kidogo sana, na ini hubadili hata hicho kidogo kilichoingia. Tena si kila kinachozuia kutu katika chupa kinamfaa mtu. Kule Finland wavutaji wa sigara 29,133, wanaume wa miaka 50 hadi 69, waliwekwa katika jaribio kubwa. Wengine walipewa vidonge vya betakarotini, kitu kilekile kinachotia rangi karoti na mawese yetu, ambacho ni antioksidanti. Waganga walitumaini kwamba saratani ya mapafu itapungua. Habari zilipotoka mwaka 1994, ilionekana kwamba waliopewa vidonge walipata saratani hiyo zaidi ya wenzao, kwa 18 katika mia. Mtu asiogope mawese kwa sababu hiyo: chakula si kidonge. Lakini atakayewaambia kwamba kila antioksidanti ni afya, mjue kwamba hajasoma habari ya Finland.

Baada ya chupa huja panya. Panya huchomwa sumu inayoua zile sehemu za kongosho zinazotoa insulini, sukari yao ikapanda. Kisha hunyweshwa mchuzi wa majani wiki tatu au nne, sukari ikapimwa tena. Majani ya mwembe, ya mpera, ya mwavoka, ya mpapai, yote yamejaribiwa hivyo, hapa Afrika, India na kwingineko, na mara nyingi sukari ya panya ilishuka. Hayo ni kweli, hatukatai. Ndiyo yale tuliyoyasoma sisi, tukayapeleka kijijini bila kuyachuja.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo wengi hupotea, nasi pia tulipotea. Tuseme panya alipewa miligramu 400 za mchuzi mkavu kwa kila kilo ya mwili wake. Mtu wa kilo 60, tukizidisha tu, angehitaji gramu 24 kila siku. Wataalamu hawazidishi hivyo, maana mwili mdogo huunguza dawa upesi kuliko mkubwa. Kwa panya mkubwa wa laboratwari hugawanya kwa 6.2 kwanza. Basi tungepata karibu gramu 4 za mchuzi mkavu. Na mchuzi mkavu si majani. Kama gramu 100 za majani makavu hutoa gramu 10 za mchuzi, gramu 4 hizo zatoka katika gramu 40 za majani makavu, kila siku, tena yaliyolowekwa mara nyingi katika alkoholi, si katika maji ya moto ya sufuria. Mzee wetu alikuwa akichemsha majani matano mabichi. Hayo matano yalikuwa na nini ndani yake? Hakuna ajuaye. Majani machanga si sawa na ya zamani, ya masika si sawa na ya kiangazi, mwembe huu si sawa na ule wa jirani. Kidonge cha miligramu 5 kina miligramu 5, leo na kesho.

Mtauliza: Je, hakuna watu waliojaribiwa? Wako, ingawa si wengi. Twawapa mifano miwili, mmoja wa kutia moyo, mwingine wa kuonya.

Katika Ujapani, tangu mwaka 2000, serikali imekubali chai ya majani ya mpera, iliyotengenezwa na kampuni ya Yakult, iuzwe kama chakula chenye faida ya afya. Hunywewa pamoja na chakula. Kazi yake ni hii: vitu vilivyo katika majani hayo huzuia kidogo vile vikata uzi vya matumbo tulivyovitaja mwanzo, na hivyo shanga za bukari (kwao ni wali) huingia katika damu polepole, na sukari haipandi ghafula baada ya kula. Jambo hilo ni jema, nalo lina maana kwetu tunaokula wanga asubuhi na jioni. Lakini oneni mpaka wake. Chai ile hupunguza mpando wa baada ya chakula. Haitoi insulini, wala Wajapani hawakuiita dawa ya kuponya.

Mfano wa pili watoka Porto Alegre, katika Brazili. Kule wagonjwa wengi wa sukari walizoea kunywa chai ya majani ya mzambarau, na mzambarau husifiwa pia India na pwani ya Afrika Mashariki. Wataalamu wa mji huo hawakuridhika na panya. Wakachukua wagonjwa wenyewe, wakawagawa kwa bahati: wengine chai ya mzambarau, wengine glibenklamidi, kidonge kilekile cha katekista wetu, wala mgonjwa wala mganga wake hakujua nani amepewa nini. Habari zilichapishwa mwaka 2006. Waliopewa kidonge sukari yao ilishuka. Waliopewa chai haikushuka. Basi mti uliosifiwa na mabara mawili, ulipopimwa kwa haki, majani yake hayakufanya kitu. Tungaliisoma habari hii kabla ya safari yetu, labda mzee angekuwa na vidole vyake.

Hata hivyo tusimalize kwa kudharau miti, maana ingekuwa kosa lingine. Mwaka 1835 wanakemia wawili wa Ubelgiji, de Koninck na Stas, walipata katika gome la mizizi ya mti wa matofaa kitu kichungu wakakiita florizini. Kwa uchungu wake watu walidhani kitakuwa dawa ya homa kama kinini. Mwaka 1886 von Mering, yule yule wa mbwa, akaona kwamba florizini humfanya mtu atoe sukari katika mkojo. Wakati ule ilionekana kuwa ajabu isiyo na faida. Baadaye ilijulikana kwamba hufunga mlango ambao figo hutumia kurudisha sukari katika damu. Florizini yenyewe haikufaa kuwa dawa, maana huvunjika matumboni. Lakini wanakemia waliibadili, na mwaka 2012 dawa iitwayo dapagliflozini, ya ukoo huo, ikakubaliwa katika Ulaya. Kutoka gome la mti wa matunda mpaka kidonge: miaka 177. Vivyo hivyo metformini, inayomezwa leo na wagonjwa wengi wa sukari kuliko dawa nyingine yoyote, ilianzia katika jani la mmea wa Ulaya uitwao galega. Mmea wenyewe una sumu, huua kondoo. Kitu kilichofanana nacho kilitengenezwa Dublin mwaka 1922, na Jean Sterne wa Paris akakitumia kwa wagonjwa mwaka 1957. Kwa hiyo hatusemi kwamba majani ni upuuzi. Twasema kwamba kati ya jani na dawa iko njia ndefu, na sisi katika jioni moja tulitaka kuiruka.

Tuje kwenye hatari, maana hizi katekista na mwuguzi wa kijiji wanazihitaji kuliko mambo ya kemia.

Majani ya mwavoka yana kitu kiitwacho persini. Mbuzi, ng'ombe na sungura wakiyala hupata madhara: maziwa hukauka, kiwele huvimba, na wakila mengi moyo huharibika. Mtu si mbuzi, lakini yule anayekunywa sufuria nzima kila siku miezi mingi ajue kwamba anacheza na kitu kilichoua mifugo.

Mstafeli, ambao wenye kusema Kifaransa huuita korosoli, ni hatari nyingine. Matunda yake ni matamu, na majani yake yanatangazwa kwa kila ugonjwa, hata saratani. Mwaka 1999 waganga wa kisiwa cha Guadeloupe waliandika juu ya wagonjwa wenye kutetemeka na kukakamaa, namna isiyo ya kawaida, na wengi wao walikuwa wamezoea matunda na chai ya majani ya mti huo. Mti huo una sumu ya ubongo, iitwayo anonasini. Kunywa mara moja si kitu. Kunywa miaka mingi ni jambo jingine.

Tena, majani yakifanya kazi kweli, hatari haipungui. Mgonjwa ameza glibenklamidi, anywa na mchuzi mkali wa majani, kisha hali chakula: sukari yaweza kushuka chini ya 70. Hutoka jasho, hutetemeka, husema maneno yasiyo na maana kama mlevi, aweza kuzimia na kufa. Hapo mpe sukari mara moja, au asali, au maji ya matunda, kama angali anaweza kumeza; usingoje kumtafuta mganga.

Kwa sababu hiyo mapadri waangalie habari ya kufunga. Tumewaona wagonjwa wa sukari wakifunga siku ya Jumatano ya Majivu tangu asubuhi mpaka usiku, huku wakimeza vidonge vyao kama kawaida, nao wakaanguka kanisani. Sheria ya Kanisa haiwadai hivyo. Mgonjwa haifungwi na amri ya kufunga, na kwa Komunyo takatifu kanuni ya 919 yawaruhusu wazee na wagonjwa kupokea hata kama wamekula kitu katika saa iliyotangulia. Watu wetu hawalijui jambo hili, kwa kuwa hatuwaambii.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ya mtoto. Ule ugonjwa wa kwanza, wa watoto na vijana, hauna jani lolote. Mtoto aanza kukojoa kitandani, ambaye alikwisha kuacha. Anakunywa maji bila kutosheka. Anakonda katika wiki chache. Kisha atapika, tumbo lamuuma, apumua kwa nguvu na kwa kina, na pumzi yake yatoa harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nyumbani watasema ni malaria. Wengine watasema amerogwa, na kumpeleka kwa mtu atakayetafuta mwenye kosa katika ukoo. Siku mbili zikipita hivyo, mtoto amekufa, na labda bibi yake amefukuzwa kijijini kwa uchawi. Tone moja la damu kwenye kipimo lingalionyesha ukweli kwa dakika moja. Katekista aliye mbali na hospitali akumbuke dalili hizo nne: kiu, mkojo, kukonda, pumzi ya namna ile.

Watu wengine husema: «Lakini insulini yataka frigo, na kijijini hakuna umeme.» Neno hilo lina ukweli, ila si lote. Shirika la Waganga Wasio na Mipaka, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, walipima joto katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini ya Kenya, ambako jua ni kali kuliko letu. Mwaka 2021 walichapisha kwamba insulini iliyotunzwa katika joto linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37 ilibaki na nguvu zake kwa wiki nne. Wenye makao yetu kando ya ziwa wanajua namna ya kupoza maji katika mtungi wa udongo uliofunikwa kitambaa chenye maji. Chupa ya insulini iliyofungwa vema katika mfuko usiopenya maji, ikawekwa ndani ya mtungi wa namna hiyo kivulini, yaweza kumtosha mgonjwa mwezi. Chupa nyingine zibaki katika frigo ya hospitali.

Iko pia hatari ya umati. Wenye kusikiliza habari za Tanzania wanakumbuka mwaka 2011, kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mmoja mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu, alitoa kikombe cha mizizi ya mti uitwao mugariga kwa shilingi 500, kikombe kimoja tu kwa mtu, akisema chaponya ugonjwa wa sukari, ukimwi na mengine. Magari yalipanga mstari wa kilomita nyingi. Wagonjwa wengine walifia njiani, na wengine waliacha vidonge vyao waliporudi. Alifariki mwaka 2021. Hatumhukumu nafsi yake, wala hakutajirika kwa bei ile kama wengine wangalivyofanya. Twataja habari yake kwa sababu moja: watu walikwenda kwa kuwa msemaji alikuwa mtu wa dini. Jani lililosemwa na mganga wa sokoni hupimwa na kubishiwa. Lililosemwa na Padri hunywewa. Nasi tulilisema moja.

Basi wakituuliza sasa, twajibu hivi. Mwenye ugonjwa wa sukari na apimwe kwanza, ajulikane ni wa namna gani. Aliye wa kwanza asiache sindano hata siku moja. Aliye wa pili, akipenda kunywa chai nyepesi ya majani ya mpera pamoja na chakula chake, hatumkatazi, ila asiache kidonge, na amwambie mganga wa hospitali kwamba anainywa. Mganga akimcheka, amwambie tena. Bukari na ipunguzwe sahanini, sombe na samaki viongezwe. Hilo ni bora kuliko majani yote tuliyoyataja. Na miguu ioshwe na kutazamwa kila jioni, hata chini ya nyayo, maana mgonjwa wa sukari aweza kukanyaga msumari asisikie.

Mzee wetu tulimwona tena mwaka jana. Atembea kwa fimbo, bado afundisha wakatekumeni. Alitutolea daftari la shule, ambamo kijana wake huandika kila Jumapili: vidonge vingapi, chai au hakuna chai, na sukari iliyopimwa kwa kipimo ambacho parokia ilimnunulia. Tulisoma kurasa kumi na mbili pamoja naye, chini ya mwembe uleule. Katika wiki za chai na katika wiki zisizo na chai hatukuona tofauti. Katika wiki mbili ambazo vidonge vilikwisha na barabara ilikatika kwa mvua, sukari yake ilifika 340 na 390. Alituuliza kama yafaa kulipeleka daftari hilo kwa mganga wa Kalemie. Tukalichukua sisi wenyewe, na mganga akazidisha kidonge cha jioni.